Pima Kwanza: Mwongozo kwa Anayeanza Kutafiti Mawimbi ya Simu

Katika kila mtaa pana mahali pa kupokelea simu. Kwenye uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwenye duka la vitambaa simu yake ikiita haipokei pale alipo. Huinuka, akavuka kizingiti, akapanda ngazi mbili za baraza ya nyumba ya mbele, akageukia upande wa bahari, ndipo akasema "haloo." Hakusomea uhandisi. Anajua tu kwamba dukani sauti hukatika, na pale kwenye ngazi hushika.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho au wa shahada ya uzamili aliyeambiwa na msimamizi wake aje na mada kuhusu simu na mawasiliano yasiyotumia waya. Ameingia mtandaoni, amekuta vyuo vikubwa vinazungumzia 6G, setilaiti na akili unde, akafunga kompyuta amekata tamaa. Neno langu kwako ni moja: anza na zile ngazi mbili. Maabara ya bilioni huna, lakini nyumba za mawe unazo, na aliye na maabara hana nyumba hizo. Kipimo kidogo kilichofanywa kwa uangalifu mahali ambapo hapajawahi kupimwa kina thamani kuliko kurasa mia za kurudia maneno ya wengine.

Nitashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kupima ni kiasi gani cha mawimbi ya simu hupotea yakipenya nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Ukiwa Lamu, Mombasa au Bagamoyo, mfano utakufaa karibu kama ulivyo. Ukiwa Dodoma au Kigali, badili ukuta, njia ibaki ileile.

Swali lako litoke mahali ulipo

Mawazo mengi makubwa ya fani hii yalizaliwa na shida ya mahali. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa na kompyuta kubwa katika kisiwa cha Oahu, na watumiaji wengine wakiwa visiwa vya mbali. Simu za waya kati ya visiwa zilikuwa ghali na hazikuaminika, kwa hiyo wakatumia redio. Kila kituo kilituma ujumbe wake bila kuomba zamu. Jumbe mbili zikigongana, kila kituo kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena. Njia hiyo, iliyoitwa ALOHA, ilipotumika katika umbo lake la kwanza haikuweza kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia ya redio. Hata hivyo wazo lake limo ndani ya Wi-Fi, na limo ndani ya simu yako kila inapobisha hodi kwenye mnara.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitaka kufuatilia punda milia wa Laikipia, Kenya, mahali ambapo hapakuwa na mnara wa kutegemea. Waliwavalisha wanyama kola zenye GPS na redio ndogo. Punda wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana kumbukumbu, hivi kwamba mtafiti akipita na gari na kumkuta punda mmoja, alipata habari za wengine aliokutana nao. Mradi huo, ZebraNet, ulielezwa katika makala ya mwaka 2002, na kola zikajaribiwa Kenya mwaka 2004. Punda wenyewe ndio waliokuwa mtandao. Wazo hilo lisingemjia mtu aliyekaa mjini penye minara kila kona.

Sasa rudi kwako. Andika swali lako kwenye karatasi, ulipitishe kwenye vichujio vitatu. Kwanza, je, linajibika kwa namba? Pili, je, jibu linaweza kukukatalia ulichodhani? Tatu, je, utalimaliza kwa muda, nauli na bando ulilonalo?

"Changamoto za mawasiliano yasiyotumia waya Tanzania" huanguka kwenye kichujio cha kwanza. Hilo ni jina la kongamano. Linganisha na hili: "Mawimbi ya 4G hupungua kwa desibeli ngapi kutoka uchochoroni hadi chumba cha chini cha nyumba ya mawe, na je, masafa ya megahezi 1800 hupoteza zaidi kuliko ya megahezi 800?" Hapo unajua kesho asubuhi uende wapi na ubebe nini.

Soma ukiuliza: kilipimwa wapi?

Makala za kitaaluma hazisomwi kama gazeti. S. Keshav aliandika mwaka 2007 ushauri mfupi ambao wasimamizi wengi bado huwapa wanafunzi wao: soma kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza ni wa dakika tano hadi kumi: kichwa, muhtasari, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho. Wa pili hauzidi saa moja. Tazama michoro kwa makini, ruka uthibitisho wa kihisabati. Wa tatu ni wa makala chache tu, na anayeanza unaweza kumchukua saa nne au tano, kwa sababu anajaribu kuijenga kazi upya kichwani. Ukisoma makala arobaini, thelathini ziishie mzunguko wa kwanza. Huo si uvivu.

Katika fani yetu ongeza swali moja kwa kila makala: walipimia wapi? Chukua kanuni ya Hata, ambayo haikosekani katika tasnifu za vyuo vyetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Yoshihisa Okumura na wenzake walipima mawimbi Tokyo na viunga vyake, wakachora matokeo kwenye grafu. Mwaka 1980 Masaharu Hata akazigeuza grafu hizo kuwa fomula. Fomula ina mipaka yake iliyoandikwa wazi: masafa ya megahezi 150 hadi 1500, umbali wa kilomita 1 hadi 20, antena ya mnara yenye urefu wa mita 30 hadi 200. Ndani ya mipaka hiyo ni chombo kizuri. Kwa mnara wa mita 30 na megahezi 900 katika mji wa wastani, itakupa upotevu wa desibeli 126 hivi kwenye kilomita moja, na 137 kwenye kilomita mbili.

Tatizo huja mwanafunzi anapoitumia fomula hiyo kwa mnara ulio mita 300 tu, kwa megahezi 1800, kisha akashangaa namba hazilingani na simu yake. Ameivalisha Zanzibar koti lililokatwa kwa kipimo cha Tokyo, tena akaligeuza ndani nje.

Kwa swali letu la kuta, andiko la kuanzia ni pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano liitwalo P.2109, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2017. Linakadiria upotevu wa mawimbi yanapoingia ndani ya majengo, na linayagawa majengo makundi mawili: ya kawaida, na yale yaliyojengwa kuzuia joto lisipite, yenye vioo vilivyopakwa madini na mbao zenye karatasi za metali. Sasa simama mbele ya nyumba ya matumbawe na chokaa, yenye ukuta mnene kuliko urefu wa mkono hadi kiwiko, dirisha dogo la nondo na paa la bati. Iweke kundi gani? Ukiona inasitasita kuingia kundi lolote, umeipata sababu ya utafiti wako, na aya ya kwanza ya pendekezo lako imekwisha kuandikika.

Vifaa: simu, fimbo na daftari

Unahitaji simu ya Android, kwa kuwa iPhone haziruhusu programu za kawaida kusoma nguvu ya mawimbi. Pakua programu ya kupima mtandao, kwa mfano G-NetTrack, inayoonyesha namba badala ya vile vijiti vinne juu ya kioo. Vijiti haviaminiki: kila mtengenezaji huvipanga atakavyo.

Namba utakayoifuata kwa 4G huitwa RSRP, na kipimo chake ni dBm. Usiiogope. Sifuri dBm ni miliwati moja. Kila ukishuka desibeli 10, nguvu inabaki moja ya kumi; ukishuka 3, inabaki nusu. Kwa hiyo −90 dBm ni sehemu moja ya bilioni ya miliwati, na simu bado inasikia. Kwa makadirio ya mtaani, −80 ni mawimbi mazuri, −100 yanaanza kuchoka, na ukifika −115 mazungumzo yanakuwa ya "haloo, haloo, unanisikia?"

Kabla ya kutoka, ijue simu yako. Iweke mezani kwa robo saa bila kuigusa, uone namba zinavyochezacheza. Kisha weka simu ya pili palepale. Utakuta zinatofautiana kwa desibeli kadhaa. Hata viwango vya kimataifa vinaikubalia simu ikosee kwa desibeli 6 hivi juu au chini katika kutaja RSRP. Ndiyo maana swali letu linauliza tofauti ya nje na ndani, na si "mawimbi ya hapa yana nguvu kiasi gani." Simu ileile inayozidisha desibeli nne nje itazidisha takriban nne ndani, na ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta lenyewe. Tumia simu moja kwa kazi yote, na usibadilishe kava katikati.

Fimbo ni ya kushikilia simu. Mkono na kichwa cha mtu hunywa mawimbi, kwa hiyo ifunge simu kwenye fimbo ya selfi, mita moja na nusu kutoka chini, mbali kidogo na mwili. Daftari ni la karatasi, kwa sababu haliishiwi chaji. Pawabenki nayo usiisahau.

Mtego ulioninasa

Nilipofanya kipimo changu cha kwanza cha aina hii nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Katika nyumba tatu kati ya nane, mawimbi ndani yalikuwa na nguvu kuliko nje. Ukuta wa matumbawe unakuza mawimbi! Nililala nikitunga kichwa cha makala.

Asubuhi nikafungua safu ambayo sikuwa nimeitazama: namba ya seli, yaani ya antena ambayo simu imeishika. Uchochoroni simu ilikuwa imeshika seli moja kwenye bendi ya 3, yaani megahezi 1800. Nilipovuka kizingiti mawimbi hayo yalizama, simu ikahamia kimyakimya bendi ya 20, megahezi 800, kwenye antena nyingine kabisa. Nilikuwa nimetoa machungwa kwenye maembe. Ukuta haukukuza chochote. Ulikuwa umeifukuza simu.

Jifunze kwa gharama yangu. Kila mstari wa data uwe na namba ya seli na bendi, na ulinganishe nje na ndani kwa seli ileile tu. Baadhi ya simu hukuruhusu kuifungia bendi moja. Yako ikikubali, pima mzunguko mzima kwa bendi moja kisha urudie kwa nyingine. Isipokubali, tazama orodha ya seli za jirani ambazo programu huonyesha, maana seli ya nje huweza kuendelea kusomeka ndani hata kama simu haiitumii. Nyumba ambayo hukupata jozi ya seli moja iondoe kwenye hesabu, na katika tasnifu useme umeondoa ngapi na kwa nini.

Mtego wa pili ni mdogo ila umewapata wengi. Simu haipimi upya kila programu inapouliza; mara nyingi hurudisha jibu la zamani. Ukiona −93 mara thelathini mfululizo, hujapata vipimo thelathini, umepata kimoja kilichonakiliwa. Kwa Wi-Fi hali ni kali zaidi: tangu Android 9 programu iliyo wazi kwenye kioo huruhusiwa kutafuta mitandao mara nne tu kila dakika mbili. Hesabu thamani zinazobadilika, usihesabu mistari ya faili.

Uwanjani

Ukisimama pahali pamoja utadanganyika. Mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakakutana na wenzao. Hapa yakasaidiana, hatua moja mbele yakauana. Urefu wa wimbi la megahezi 800 ni sentimita 37 hivi, la megahezi 1800 ni sentimita 17. Kusogea nusu ya urefu huo kunatosha kubadili hali. Mhandisi William C. Y. Lee alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba ili upate wastani wa kuaminika, uchukue vipimo 36 hadi 50 katika umbali wa mawimbi kama arobaini. Kwa megahezi 800 hiyo ni mita 15, kama hatua ishirini za kawaida. Kwa megahezi 1800 inatosha chini ya mita 7. Mita 15 zilizonyooka hutazipata ndani ya chumba cha Mji Mkongwe, basi kizunguke chumba taratibu ukifuata kuta kisha ukate katikati. Nje, tembea uchochoroni mbele ya nyumba, kwenda na kurudi.

Usitegemee GPS ikuambie uko wapi. Uwanjani penye anga wazi simu hukosea kwa mita chache, lakini katikati ya kuta mbili ndefu zilizokaribiana huweza kukuweka nyuma ya nyumba nyingine. Zipe nyumba namba zako mwenyewe, chora ramani kwa mkono, andika alama zinazoonekana: mlango wa njumu, baraza iliyovunjika pembe, msikiti.

Kila chumba kiandikiwe mambo haya: namba ya nyumba, ghorofa, kuta ngapi kati yako na uchochoro, mlango na madirisha yamefunguliwa au yamefungwa, paa la nini, saa, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Hilo la mwisho litakuja kuonekana faida yake. Nakili faili jioni ileile mahali pawili.

Lililobaki ni watu. Nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza ukiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni, umweleze unachofanya kwa Kiswahili cha nyumbani: "Napima mtandao unavyoingia ndani ya nyumba." Usianze na RSRP. Piga hodi, subiri, na ukiambiwa leo haiwezekani, shukuru. Usiende adhuhuri wala karibu na magharibi. Baada ya swala ya alasiri watu wako barazani na nyumba zimepoa. Katika nyumba nyingi utahitaji mwenzako wa kike ndipo mpite vyumbani, au yeye apite peke yake huku wewe ukibaki nje na daftari. Minara usiipige picha.

Kisha kaa barazani kidogo. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, unazunguka na kijiti hicho kutafuta nini?" Nikamwambia, "Natafuta mtandao, babu." Akacheka. "Huko ndani utachoka bure. Nenda juu darini, kwenye kidirisha cha upande wa kusini, ndiko tunakopeleka simu tukitaka kuongea na watoto Maskati." Nikapanda. Kidirisha kile kilizidi chumba cha chini kwa desibeli zaidi ya ishirini. Sikuwa nimekipanga kwenye ratiba yangu. Tangu siku hiyo "mahali pa kupokelea simu" pana safu yake katika daftari langu, na kila mwenye nyumba huulizwa.

Hesabu

Tuseme nyumba namba 7 ilikupa wastani wa −84 dBm uchochoroni na −101 dBm chumba cha ndani, seli moja, bendi moja. Tofauti ni desibeli 17. Kwa lugha ya kawaida, katika mafungu hamsini ya nguvu iliyofika mlangoni, limeingia fungu moja. Ukiwa na nyumba ishirini utakuwa na tofauti ishirini kwa kila bendi. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, taja ya katikati, na taja pia zinavyotawanyika, maana mwenye kupanga mtandao anahofia zaidi ile nyumba mbaya kuliko ile ya wastani.

Angalizo la wastani. Chukua vipimo viwili, −80 na −100 dBm. Ukijumlisha desibeli na kugawa kwa mbili unapata −90. Lakini ukizirudisha kwanza kuwa miliwati, ukatafuta wastani, kisha ukarudi kwenye desibeli, unapata −83. Hesabu zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali tofauti. Ya pili ndiyo wastani wa nguvu yenyewe, na hubebwa na kipimo kikubwa. Chagua moja, sema umeichagua ipi, na usichanganye ndani ya jedwali moja. Mtahini makini ataiuliza hii kabla ya nyingine zote.

Namba ikikushangaza, rudi kwenye nyumba hiyo kabla hujatunga maelezo. Huenda kuna kabati la chuma nyuma ya mlango. Huenda pia ni ugunduzi, lakini kabati ni jepesi kuthibitisha.

Uigaji uje baadaye

Wanafunzi wengi hukimbilia programu za uigaji kama ns-3, ambayo ni huria na haina malipo. Ni chombo kizuri sana. Kinakuwezesha kuuliza ambayo huwezi kuyajaribu mtaani: ingekuwaje antena ndogo ikifungwa kila uchochoro, au watu mia tatu wakipiga simu za video usiku wa sikukuu? Lakini ns-3 haijui nyumba ya matumbawe. Ukiilisha ukuta wa kufikirika itakurudishia jibu la kufikirika lenye michoro ya kupendeza. Ilishe zile desibeli 17 ulizozipima mwenyewe, pamoja na mtawanyiko wake, hapo ndipo michoro yako itakuwa inazungumza kuhusu Zanzibar.

Vibali na siri za watu

Uliza mapema chuoni ni vibali gani unahitaji. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Tanzania Bara mhusika ni COSTECH. Zanzibar ina utaratibu wake. Kusoma mawimbi yanayofika kwenye simu yako ni jambo jepesi. Kurusha mawimbi ni jambo jingine: ukitaka kufunga kisambazaji chako nje ya masafa yaliyoachwa huru, kama yale ya Wi-Fi, lazima upitie Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa huko.

Faili zako zina zaidi ya unavyodhani. Ukikusanya majina ya Wi-Fi za majirani na mahali zilipo, umekusanya habari za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Futa usichokihitaji, nyumba zibaki na namba bila majina, na ramani utakayochapisha isimwonyeshe mwizi ni nyumba gani yenye intaneti nzuri na madirisha wazi.

Kuandika na kupeleka

Anza kuandika na sehemu ya njia ukiwa bado uwanjani, wakati unakumbuka urefu wa fimbo. Kipimo cha sehemu hiyo ni hiki: mpe mwenzako aisome, aende nyumba namba 7 bila wewe, arudi na namba inayokaribiana na yako. Matokeo yafuate, kisha mjadala, utangulizi uandikwe mwisho.

Kongamano la MobiCom, lililoanza mwaka 1995, ndilo kilele cha fani, na makala nyingi hukataliwa huko. Kwa kipimo cha aina hii yako makongamano ya vipimo vya mitandao kama PAM, ya teknolojia na jamii kama COMPASS, au AFRICON ya IEEE hapa barani, yanakaribia zaidi. Jihadhari na majarida yanayokuandikia barua pepe ya kukusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa. Jina lako likikaa humo halitoki. Data yako iweke wazi ikiwa imesafishwa. Mtafiti wa mbali asiye na nyumba ya matumbawe ataitumia, na atakutaja.

Mwisho, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, bila fomula, uwarudishie waliokufungulia milango. Nilipompelekea mwenye duka la vitambaa ukurasa wangu, aliusoma akiwa amesimama kwenye zile ngazi mbili. Ulimwambia kwamba dukani kwake inaingia sehemu moja tu kati ya hamsini, na kwamba akiiacha simu kwenye rafu ya juu karibu na dirisha la mbele atasikia ikiita bila kutoka nje. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa habari zake mwenyewe. Kisha akauliza:

"Haya, na wakati wa masika mbona hata hapa kwenye ngazi huwa tabu?"

Mvua yenyewe haiyaathiri sana mawimbi ya masafa haya. Mvua huanza kuyaumiza hasa yale yaliyo juu ya gigahezi 10. Lakini jiwe la matumbawe hunywa maji, na ukuta uliolowa si ukuta ule ulioupima wakati wa kiangazi. Nikafungua daftari kwenye safu ya mvua. Nyumba zote nilizipima kukiwa kukavu. Itabidi nirudi mwezi wa nne.